Siku Tatu Nilizokanda Taya la Mama Yako

Mwanangu Agatha,

Kosa ambalo karibu kila mtu hapa uwandani hulifanya ni kung'oa jino zima. Mwanamke anaamka asubuhi, upande mmoja wa uso unamwuma, hawezi kutafuna hata muhogo wa kuchemsha. Maumivu yanapanda mpaka ndani ya sikio na kushuka mpaka begani. Anapapasa kwa ulimi, anaona gego la mwisho ndilo linalosumbua kuliko mengine, basi anakwenda sokoni kwa yule fundi mwenye koleo, na gego linatoka likiwa jeupe, gumu, halina hata tundu la kupitisha sindano. Baada ya wiki mbili maumivu yako palepale. Anarudi kung'oa la pili. Jirani yetu Mama Fidelis alipoteza magego manne namna hiyo, na siku nilipomshika uso nikagundua kwamba meno yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Kilichokuwa kinauma ni kiungo cha taya, pale mbele ya sikio, na kiungo hicho kilikuwa kimechoshwa na kubeba maji.

Haya unayajua. Nilikufundisha mwenyewe, na mikono yako sasa ni mizuri kuliko yangu. Nimeanza nayo kwa sababu kosa la mtu mwingine ni jepesi kuliandika. Barua hii ni ya kosa langu mimi. Nataka kukueleza jinsi mama yako alivyokufa, na kwamba Bi Somoe, ambaye tangu ukiwa na miaka tisa unampita bila kumwamkia, hakumfanyia lolote. Bibi huyo bado yu hai, ila hali yake ni mbaya. Wewe unaondoka leo mchana, na likizo yako ya kwanza iko mbali. Sidhani kama atakungoja.

Kuhusu sabuni, sanduku, na namna ya kuishi na wasichana wa watu, shangazi yako amekwisha kusema yote, mara mbili, na mimi sina la kuongeza.

Elimu yangu ya kwanza haikuwa ya chaki. Kwetu mtoto ni wa mjomba, na mjomba wangu, Mzee Chitanda, alikuwa mkandaji wa viungo. Watu walimletea vifundo vilivyoteguka, mabega yaliyochomoka, migongo iliyogoma. Misheni iliponichukua kwenda Masasi kusomea ualimu hakukataa, ila kila likizo alinikalisha mbele yake, akanifunga macho kwa kitambaa, akaniwekea vidole mbele ya masikio yake mwenyewe, kisha akaanza kutafuna mahindi ya kuchoma.

"Umesikia?"

"Nasikia inacheza, mjomba."

"Inaanza upande gani?"

"Kulia."

Kofi la kisogoni. "Huko shuleni wanakufundisha nini, kulia na kushoto bado? Rudia."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba taya la chini ni mfupa mmoja uliopinda kama upinde, na ncha zake mbili zinakaa katika vishimo viwili, kimoja kila upande wa kichwa. Goti la kulia linaweza kukunjwa bila kuliuliza la kushoto. Taya haliwezi. Kiungo cha upande mmoja kikichoka, cha pili kinabeba kazi yote, nacho kitachoka, na mdomo utaanza kufunguka kimshazari na kulia kama bawaba ya mlango. Mjomba ndiye aliyenionyesha pia kwamba ugonjwa huo kwetu ni wa wanawake, na chanzo chake ni mlima. Wewe umekua mabomba ya serikali yakianza kufika. Wakati ule mwanamke wa Newala alishuka na mtungi mpaka bondeni, akangoja zamu yake kwenye kisima, akapanda ukingo mzima wa uwanda na maji kichwani. Anayepanda na mzigo kichwani hukaza shingo, na anayekaza shingo huuma meno bila kujua. Fikiria saa tatu za kuuma meno, kila siku, tangu unyagoni mpaka uzeeni.

Kwa hiyo mjomba hakuanza na taya. Alianza na mabega, akapanda shingoni taratibu kwa gumba, akaweka kitambaa cha moto, na mwisho kabisa ndipo alipogusa shavu. Kuna wakandaji wanaoishika shingo ya mtu na kuizungusha ghafla ili ilie, na mteja anafurahi kwa sababu amesikia mlio. Yeye alikataza. "Kiungo si kuni," alikuwa akisema. Mgonjwa aliondoka na maagizo ya kunywa uji na kula laini siku kumi, asitafune makopa ya muhogo wala miwa, na apandapo mlima aweke ulimi nyuma ya meno ya mbele ili meno ya juu na ya chini yasikutane. Wengi walipona kwa hayo tu.

Alipofariki, mikono ikabaki kwangu. Kwa muda mrefu niliificha, maana mwalimu wa misheni kukanda watu ilionekana ni kurudi nyuma. Kisha Jumapili moja mzee wa kanisa, aliyekuwa amekaa safu ya mbele, akapiga mwayo katikati ya mahubiri na mdomo ukagoma kufunga. Taya lilikuwa limetoka kwenye vishimo vyake. Macho yalimtoka, mate yakamtiririka mpaka kwenye kanzu, na akina mama wakaanza kupiga yowe. Nilimpeleka kwenye chumba cha nyuma, nikamkalisha chini, nikafunga magumba yangu kwa leso, nikayaweka juu ya magego ya chini, nikabonyeza kwenda chini, kisha nyuma. Likarudi kwa kishindo, na kovu la meno yake ninalo mpaka leo kwenye gumba la kulia. Padre alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, sijui nikushukuru au niombe radhi kwa mahubiri yangu." Watu walicheka wiki nzima. Kuanzia hapo walikuja kwangu kutoka Tandahimba, kutoka Masasi, hata mke wa karani wa boma. Niliacha kujificha. Nilianza kupenda jinsi watu walivyonyamaza ninapoingia chumba chenye mgonjwa.

Naandika hili kwa sababu wewe pia umeanza kusifiwa, na sifa zinapendeza. Mimi zilinifanya nione kitu kimoja tu kila nilipotazama. Nilikuwa nimekwisha shika mataya ya wanawake mia na zaidi yaliyochoshwa na mlima, na katika hao wote sikumbuki hata mmoja ambaye nilimwuliza swali la maana. Niliwakalisha tu, nikakanda, nao wakapona.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu. Kisima cha bondeni kilitoa maji kidogokidogo na wanawake walipanga mitungi tangu alfajiri. Siku moja mama yako alirudi akichechemea. Alikuwa amekanyaga kijiti kilichokatwa mshazari kwenye njia ya kushukia, kikamwingia unyayoni. Alikichomoa mwenyewe, akapaka udongo wa kichuguu, akafunga kitambaa. Nilikiona kidonda. Baada ya siku tano kilikuwa kimefunga, yeye amesahau na mimi nimesahau.

Kilichokumbukwa na watu ni jambo jingine, lililotokea kisimani siku mbili kabla hajaugua. Nilisimuliwa na shangazi yako, aliyekuwepo. Bi Somoe alifika amechelewa, akaweka mtungi wake mbele ya wenzake. Alikuwa tayari mzee, mmoja wa wale wa mwisho waliovaa ndonya, kile kipande cha mti kwenye mdomo wa juu, na kwa kawaida watu walimpisha. Lakini siku ile maji yalikuwa machache na kila mtu ana hasira. Mama yako hakuwa mtu wa kumeza neno.

"Bibi, zamu haijali mvi."

"Nimebeba mwanao mgongoni hapa kisimani, leo unanihesabia zamu?"

"Ulimbeba Agatha, hukubeba mtungi wangu. Rudi nyuma, bibi yangu, utapata."

Wanawake wakacheka. Bi Somoe akaunyanyua mtungi wake, akasema, "Wewe binti, huo mdomo, kuna siku utachoka wenyewe." Akarudi mwisho wa mstari. Mama yako akampelekea kata ya maji anywe wakati wa kungoja, na wakaendelea na mazungumzo mengine. Sehemu hiyo ya kata ya maji hakuna aliyeirudia baadaye.

Siku ya kwanza alirudi mchana, akatua mtungi, akaja barazani nilipokuwa nasahihisha madaftari. Alizungumza kupitia meno. "Baba Agatha, shukuru Mungu. Leo siwezi kugombana na wewe." Alikuwa anacheka kwa macho. Nilimwambia, "Hatimaye mlima umekupata na wewe." Nikaweka maji motoni. Nilimkanda mabega na shingo, kisha mashavu. Nataka nikueleze vizuri kile vidole vyangu vilikuta, kwa sababu vilikuta ukweli. Taya lililochoka huuma zaidi upande mmoja. Lake lilikuwa limekaza pande zote mbili sawasawa. Taya lililochoka hulia linapofunguka, lake halikulia. Misuli ya shavu ya mtu aliyebeba maji ni kama unga uliokandwa vibaya, ina mabonge, na ukiyabonyeza yanalegea. Ya kwake ilikuwa migumu mfululizo kama ubao. Nilikanda mpaka kitambaa kikapoa. Nikamwambia, "Limelegea kidogo." Halikuwa limelegea hata kidogo.

Siku ya pili shingo ikakaza. Ndicho kitu ambacho mtu mwenye akili angeogopa, lakini mimi kilinifurahisha, kwa kuwa shingo na taya ndiyo hadithi niliyoizoea. Nikakanda shingo zaidi. Kila nilipomgusa alishtuka mwili mzima. Uji ulimrudi kupitia pembeni mwa mdomo. Shangazi yako alisimama miguuni mwa kitanda, akasema, "Kaka, hiki si kitu cha mlima. Tumpeleke hospitali leo hii."

"Hapa ndani nani anajua mataya, wewe au mimi?"

"Sijui mataya. Namjua wifi yangu. Tazama uso wake, anacheka na hachekeshwi na kitu."

"Nenda kachote maji."

Akaenda. Alikuwa mdogo wangu na mimi ni mwalimu.

Siku ya tatu wewe ulikuwa unaosha vyombo nje ya mlango, ukadondosha mfuniko wa sufuria. Mama yako alijikunja kinyumenyume mpaka akabaki amegusa kitanda kwa kisogo na visigino tu. Ulilia ukisema umemshtua mama. Najua kwa miaka uliamini mfuniko ule ulikuwa na sehemu yake, maana ulikataa kuosha sufuria mpaka ulipofika darasa la sita. Haukuwa na sehemu yoyote. Sauti yoyote ingefanya vile, na mwanga, na mguso. Mguso zaidi ya yote. Mwanangu, nilikuwa nimemshika kwa siku tatu mwanamke ambaye kila kidole kilichomgusa kilimvunja, naye hakuweza kufungua mdomo kuniambia niache.

Wanaume wanne walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, na lori la korosho likatuteremsha hadi hospitali ya misheni. Daktari alimtazama tangu mlangoni akaagiza dirisha lifunikwe na watu wanyamaze. Kisha akaangalia nyayo zake. Hakugusa taya. Alikwenda moja kwa moja miguuni, akakiona kile kidonda kilichofunga.

"Mdomo umekaza tangu lini?"

Nilisema, "Tangu jana jioni."

Shangazi yako alinitazama, hakusema neno. Mpaka leo hajasema, kwa sababu nilimwomba.

Ugonjwa ule unaitwa pepopunda. Daktari alinieleza kwa uvumilivu, msomi kwa msomi: sumu inatokea kwenye kidonda, hata kidonda kidogo, inapanda kwenye mishipa ya fahamu, na mara nyingi mahali pa kwanza kukaza ni taya. Alisema wanaofikishwa mapema kabisa wana nafasi zaidi, ingawa wengi wao pia hufa. Mama yako alikufa siku iliyofuata kabla ya mchana. Daktari alinishika mkono akasema, "Umefanya vema kumleta upesi." Hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani. Siwezi kukwambia kwamba angepona kama ningemleta siku ya kwanza. Siwezi pia kukwambia kwamba asingepona. Ile nafasi aliyoisema daktari ilikuwa ya mama yako, na mimi niliitumia kumkanda.

Tuliporudi na maiti, habari zilikuwa zimetangulia. Mdomo umefungwa. Nani alimwambia mdomo wake utachoka? Jioni ya matanga jina la Bi Somoe lilikuwa limekwisha pita kila nyumba. Na mimi niliyejua, mimi niliyeelezwa na daktari kwa utaratibu, nilikaa katikati ya waombolezaji na sikusema. Mwanzoni nilijiambia ni huzuni, nitasema kesho. Lakini kusema pepopunda kungeleta swali la pili, siku ngapi, na swali hilo nililiogopa kuliko nilivyoogopa kumpoteza Bi Somoe. Uchawi haukuniuliza siku ngapi. Uchawi ulinifanya mfiwa, na watu wakaniletea kuku na unga na kuniita maskini.

Wazee walipomwita mbele yao, walinitumia mjumbe niende kusema neno langu. Nilijibu kwamba mimi ni mtu wa kanisa, siingii mambo hayo. Watu waliniona mtu mwema kwa jibu hilo. Siku ya tatu baada ya hapo vijana walivuta makuti ya paa la nyumba yake, naye akafunga vyungu vyake ndani ya kanga na kuondoka kwenda kwa kaka yake Makote. Njia yake ilipita mbele ya shule, na ulikuwa muda wa watoto kutoka darasani.

Sijui unakumbuka kiasi gani. Watoto walimrushia madonge ya udongo. Wewe ulikuwa na donge mkononi, na kabla ya kulirusha ulinigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chaki. Ulikuwa unaniuliza kwa macho, kama ulivyokuwa ukiniuliza darasani kama jibu ni sahihi. Mimi nikaingia ndani, nikafuta ubao. Nilisikia kelele yenu ikipanda. Huyo ndiye bibi aliyekubeba mgongoni tangu ukiwa wa miezi mitano, kila siku ambayo mama yako alishuka bondeni, na wewe ulikuwa hulali bila kushika sikio lake. Usijilaumu kwa donge lile. Uliuliza, na mwalimu wako akakujibu.

Utasema, kwa nini sasa, baada ya miaka tisa? Ningependa kujibu kwamba dhamiri imenizidi nguvu. Ukweli ni mdogo kuliko huo. Unakwenda kusomea uuguzi, na katika miezi michache watakufundisha ugonjwa huu, watautaja kwa jina na kuandika dalili zake ubaoni, na wewe utamwona mama yako pale, na kidonda chake, na siku zake tatu, na mikono yangu. Niliogopa usiyakute huko peke yako. Kama ungekwenda kusomea ushonaji, labda ningekufa na haya.

Nilipoamua kukuandikia nilianza kwanza na wengine. Mwezi huu, Jumapili uliyokuwa Masasi kwa karatasi zako za chuo, nilisimama kanisani baada ya ibada nikayasema yote, nikawaomba waniachie mimi kukwambia. Walisikiliza kwa heshima. Mzee wa kanisa, yule yule wa mwayo, alinishika bega akasema, "Mwalimu, huzuni ikikaa sana inachanganya mtu. Nenda ukapumzike." Jumbe aliniambia, "Mambo yamelala, unayaamsha ya nini?" Hawakuniamini. Niliwapa miaka tisa ya kuzoea uongo, nao wameuzoea, na sasa sina namna ya kuuondoa midomoni mwao.

Jumapili iliyofuata nikaenda Makote kwa miguu. Anaishi katika kijumba nyuma ya nyumba ya marehemu kaka yake. Nilipiga hodi.

"Nani?"

"Baba Agatha."

"Njia ya kuja hapa bado ipo? Nilidhani imeota majani."

"Shikamoo, bibi."

"Iweke hapo mlangoni. Nikiihitaji nitaichukua."

Nikaingia. Amepungua, mwanangu, amebaki mifupa, na kifua kinalia akivuta pumzi. Mjukuu wa kaka yake anamgeuza kitandani. Nilipiga magoti nikamweleza tangu kijiti mpaka ubao niliofuta. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Umetembea kote huko kuniletea habari zangu? Kwamba sikumwua Sabina? Si mimi mwenyewe ndiye nisiyemwua?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nilikuwa nao. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nao, nikauweka, nikasema mwalimu ni msomi, atakuja. Ungekuja ungeukuta." Akakohoa kwa muda. "Na yule mtoto anasemaje?"

"Hajui."

"Hajui." Alirudia mara mbili. "Kwa hiyo wewe umekuja kulia hapa, na kwa yule mimi bado mchawi. Alinipita soko la Newala mwaka juzi na ndoo kichwani. Nikasema, ataniona. Aliniona. Akavuka upande wa pili."

Nilimwambia kwamba unaondoka. Akafumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema, "Nataka aniamkie nikiwa bado nasikia. Basi. Hayo mengine yako kaa nayo mwenyewe."

Nilitaka kukuambia siku ile ile niliporudi. Nilikukuta unamkanda shavu binti wa Mama Fidelis, na wewe unamtania kwamba ameolewa na mtungi, naye anacheka, na nikashindwa. Siku kumi zimepita nikishindwa kila siku. Sasa nimeandika, na nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako ambapo huwezi kuikosa.

Huko uendako hutahitaji mengi kutoka kwangu. Watakufundisha vizuri kuliko nilivyofundishwa, na mikono yako usiione haya. Mwanamke atakayekuja na taya lililochoshwa na kazi utamsaidia kwa saa moja pale ambapo wengine wangemng'oa jino. Ila kabla hujamgusa, mwangalie miguu. Mwulize amejikata wapi mwezi huu, hata kama ni mwiba. Mwulize kama anameza. Mwulize siku ngapi, na yeyote aliyemleta akisita kabla ya kujibu, usimkemee, mwulize tena polepole, maana yaweza kuwa amesimama mbele yako mtu kama mimi. Na akitokea msaidizi mdogo kwako, asiye na cheo, akikuambia kitu hiki sicho unachodhani, acha mikono yako na usikilize.

Sijui utanitazamaje ukimaliza kusoma. Sikuombi uniambie leo. Niandikie ukitaka, au usiniandikie mpaka utakapokuwa tayari, nitajua ni kwa nini. Shangazi yako atakaa na sanduku dukani, na lori haliondoki kabla ya saa nane. Kutoka hapa mpaka Makote na kurudi ni mwendo wa asubuhi kwa miguu yako. Usiende na zawadi, usiende na maelezo yangu, na usipite chumbani kwangu kwanza. Vaa viatu, nenda Makote sasa hivi, ukamwamkie Bi Somoe.